Barua ya Shule Haijafika Mpaka Imejibiwa



Katika kurasa hizi tumezoea kusema habari za mishahara, nyumba za wafanyakazi na malipo ya saa za ziada. Leo twaomba nafasi tuseme habari ya shule. Tunajua wako watakaosema kwamba hiyo si kazi ya chama, waachiwe walimu na mapadre. Sisi twajibu hivi: mshahara wa mfanyakazi wa Ukambani ukishapokelewa, sehemu yake kubwa hupitia kwenye simu kwenda kulipa mambo ya shule, na mtu anayepeleka fedha zake mahali mwaka baada ya mwaka ana haki ya kuuliza huko kuna nini. Tena ana wajibu wa kuuliza. Wengi wetu hatuulizi.

Jambo lililotufanya tuandike ni hili.

Mwenzetu mmoja wa genge letu, tunayefanya naye kazi upande huu wa Makindu na Kibwezi, nyumbani kwake ni Kitui ya kusini, ng'ambo ya mto Athi. Jina lake hatuliandiki, wala jina la shule hatulitaji, kwa kuwa jambo lenyewe lingeweza kuwa la yeyote kati yetu na la shule yoyote. Mke wake alikuwa Mombasa akitafuta riziki. Watoto walikaa na susu yao, mama mzazi wa huyu mwenzetu. Binti yake mkubwa mwaka 2025 alikuwa gredi ya 9.

Wanachama wenye watoto wa umri huo wanakumbuka mwaka ule. Mtaala mpya ulioanza nchi nzima Januari 2019 ulikuwa umepanda nao, darasa kwa darasa, na watoto wale ndio waliokuwa wa mbele kabisa. Kila walikofika, walifika wa kwanza, na hakukuwa na kaka wala dada wa kuwaambia njia ilivyo. Basi mwaka 2025 wakaambiwa wachague. Njia zilikuwa tatu: ya sayansi, ufundi na hesabu, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Pamoja na njia, wachague na shule wanazotaka kwenda. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano akichagua hivyo anachagua karibu maisha yake yote, na mtu mzima mwenye akili zake angetaka kulala na jambo hilo usiku tatu kabla hajaandika.

Shule ikatoa barua ya kuwaita wazazi wafike Jumatano saa nne asubuhi, waelezwe habari ya kuchagua. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mtoto akaileta nyumbani, susu akauliza yasema nini. Mtoto akasema, "Ni mkutano. Na kuna pesa." Hakusema uongo. Mwisho wa barua palikuwa na mstari mmoja uliowakumbusha wazazi mchango wa karatasi za mitihani.

Susu alikuwa hajamaliza mchango wa muhula uliopita. Basi Jumatano ile akachukua mtungi na punda akaenda mtoni kufukua maji. Mtu hapeleki uso wake mahali atakapodaiwa mbele ya majirani.

Fomu ikajazwa. Mtoto aliijaza mwenyewe wakati wa mapumziko, yeye na rafiki yake, wakiandika sawasawa, njia ileile na shule zilezile. Baba yake hakujua kitu mpaka alipokwenda likizo mwisho wa Julai, akaikuta nakala ndani ya daftari. Kesho yake alifika shuleni akiwa moto kama breki ya gari la mizigo mteremkoni. Alimsemea mwalimu maneno mazito mbele ya watoto, kwamba ameuza maisha ya binti yake. Mwalimu naye, kijana aliyetoka kaunti ya mbali, akafungua daftari akamwonyesha: "Mzazi, tulikuita. Hapa pana majina ya waliofika, na hapa pako ni patupu."

Tumeisikia habari hii kwa mwenzetu mwenyewe, na anakiri kwamba hapo alikosa la kusema. Mwalimu alikuwa ameita na mzazi alikuwa hajaitika, lakini mzazi naye hakuwa amesikia kuitwa. Barua ilitoka, ikafika, ikasomwa kwa sauti, na bado habari iliyokuwamo haikumfikia mtu.

Naibu wa mwalimu mkuu, mama wa makamo, ndiye aliyewatoa ofisini akawakalisha chini ya mti. Akamwita binti, akamuuliza alitaka nini alipoandika vile. Mtoto alikaa kimya muda mrefu akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Mwisho akasema kwamba aliogopa kwenda shule ya bweni peke yake, akamfuata rafiki yake ili wawe pamoja. Basi. Baba alikuwa amekuja na hotuba nzima ya sayansi na uhandisi, mwalimu alikuwa na daftari lake la mahudhurio, na kumbe jambo lenyewe lilikuwa hofu ya mtoto, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nalo kichwani.

Ndugu zetu, sisi ni watu wa reli, na kazi yetu imetufundisha jambo ambalo walimu wenye digrii huenda hawakufundishwa. Katika njia moja, treni mbili hazipishani ila stesheni. Kwa hiyo stesheni masta hawezi kuipa treni ruhusa kwa sababu tu yeye amekwisha kupiga simu mbele. Huuliza kama njia ni wazi. Wa upande wa pili hujibu na kutoa namba. Wa kwanza huirudia ile namba. Kisha wote wawili huandika katika vitabu vyao, pamoja na saa. Hapo ndipo dereva hupewa idhini. Hebu fikirini stesheni masta aliyepiga simu, hakujibiwa, akaachilia treni akisema, "Mimi niliwaambia." Angefukuzwa kazi siku hiyo kama angekuwa bado hai. Lakini shuleni huyo ndiye karibu sisi sote. Mwalimu husema, "Mimi niliandika barua." Mzazi husema, "Mimi nilituma pesa." Mtoto husema, "Mimi nilimwambia susu." Kila mtu amepiga simu yake akatundika, na treni inakwenda.

Turudi kwenye ile barua, maana susu wa mwenzetu si mtu asiyejua kusoma. Kila Jumapili anaisoma Biblia yake ya Kikamba, ile iliyochapwa nzima tangu mwaka 1956, anaisoma bila kugugumia na miwani yake imefungwa kwa uzi. Ana kitabu cha chama cha akina mama, ambamo anaandika nani ameleta na nani hajaleta. Kwa nini basi mama huyo agangwe na mtoto kusoma barua inayomhusu yeye? Katiba ya mwaka 2010 imesema wazi kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Hakuna sheria inayomzuia mwalimu mkuu kumwandikia mzazi kwa Kiswahili, na pale ambapo wote ni watu wa nyumbani hakuna sheria inayomzuia kuandika kwa Kikamba. Watoto wadogo wenyewe, kwa mpango wa Serikali, hufaa wafundishwe kwa lugha ya mahali mpaka gredi ya 3. Ikiwa lugha ya mahali yafaa kumfundishia mtoto kuhesabu, haiwezi kukosa kufaa kumwitia nyanya yake mkutanoni.

Twajua chanzo chake. Wengi wetu tuliopita shule za msingi za misheni tunakumbuka kile kipande cha mti kilichovishwa shingoni mwa aliyekamatwa akisema Kikamba, naye akamtafuta mwingine wa kumvisha kabla kengele ya jioni haijalia, maana wa mwisho ndiye aliyechapwa. Tulifundishwa Kiingereza, hatukatai, na tunakula kwa hicho Kiingereza. Lakini tulifundishwa pia kwamba lugha ya mama haina mahali ndani ya lango la shule, na aliyefundishwa hivyo akija kuwa mwalimu huandika barua kwa Kiingereza hata kwa mtu anayemjua, aliyemnunulia mayai jana. Wamisheni wa kwanza wenyewe hawakufanya hivyo. Wale wa Africa Inland Mission waliofika Nzaui mwaka 1895 walianza kwa kujifunza Kikamba, kwa kuwa walitaka kusikiwa. Anayetaka kusikiwa hutafuta lugha ya msikilizaji.

Sasa ile habari ya "na kuna pesa". Hapa twataka kusema kwa nguvu kidogo. Katika vijiji vyetu, kutoka Mutomo mpaka Kathonzweni, neno mkutano wa wazazi limekwisha kuwa jina lingine la mchango. Mzazi akiitwa hujua kwamba patakuwa na choo cha kujengwa, au madawati, au chakula cha mchana, au mlinzi wa kulipwa. Hatusemi mambo hayo si ya lazima. Shule nyingi za Ukambani zilijengwa kwa mwethya, kwa mawe yaliyobebwa na mama zetu na mchanga wa mito yetu, na hakuna Mkamba anayehitaji kufundishwa habari ya kujitolea. Lakini shule ikimwita mtu mara kumi, na mara zote kumi ni fedha, mara ya kumi na moja hataamini kwamba ni habari ya mtoto wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa susu. Mstari mmoja wa mchango ulifuta barua nzima.

Kila mwanachama na ajue sheria inasemaje, maana wengi wanadaiwa wasichojua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza karo ya masomo katika shule za umma. Michango mingine yaweza kuwekwa, lakini kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hafai kuzuiwa kuingia darasani kwa sababu mchango wake haujalipwa. Sheria hiyohiyo inatoa nafasi sita kwa wawakilishi wa wazazi katika bodi ya shule, wachaguliwe na wazazi wenyewe. Na kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi cha shule hiyo, apende asipende, awe na pesa au asiwe nazo. Ni kama chama cha wafanyakazi kisicho na ada ya kuingia. Ulizeni katika genge lenu ni wangapi wanaojua majina ya hao sita. Sisi tuliuliza katika letu. Katika watu kumi na mmoja wenye watoto shuleni, mmoja alijua majina mawili, na la pili alilitaja kwa sababu mtu huyo ni shemeji yake.

Baada ya hayo haifai tuwamwagie walimu lawama zote. Mwalimu ni mfanyakazi kama sisi, na chama cha wafanyakazi kinachomlaumu mfanyakazi mwenziwe bila kutazama masharti yake ya kazi kimesahau kazi yake. Watoto wa gredi ya 7 walipoanza sekondari ndogo mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, walimu wengi waliopelekwa kuwafundisha walipewa mkataba wa mafunzo kazini, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa walimu kamili wenye vyeti, wakifundisha masomo mengi, hata yale wasiyoyasomea. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri hivyo ni kinyume cha sheria, na muhula uliofuata wengi wao waligoma. Mtu anayeishi kwa posho hiyo katika chumba cha kupanga sokoni, mbali na kwao, hana nauli ya kuzunguka milimani kutembelea wazazi.

Tena kuna habari ya uhamisho. Mwaka 2018 Tume ya Kuajiri Walimu ilishika mpango wa kuwahamisha walimu kutoka kaunti zao, na mpango huo baadaye ukalegezwa. Hatupingi mtu wa Kisii au wa Busia kufundisha Kitui. Sisi wenyewe reli imetuchanganya tukawa ndugu, na wengi wetu tunajua kusalimu kwa lugha tano. Lakini mgeni huhitaji kupokewa. Mwalimu anayefika bila neno moja la Kikamba hapewi hata mtu wa kumtafsiria siku ya wazazi, na wazazi wakinyamaza mbele yake hudhani hawajali watoto wao. Wao nao wakimwona anasema Kiingereza tu hudhani anawadharau.

Sasa tujitazame sisi, maana bila hivyo makala haya yatakuwa manung'uniko ya kantini.

Mfanyakazi wa reli wa Ukambani huishi kambini na watoto wake huishi kwingine. Reli hii ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imepita nchi ya Makueni, na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ikapita palepale, ikaweka stesheni Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kitui haikupewa reli na ya zamani wala na hii mpya. Basi mtu wa Kitui akitaka kazi ya reli hana budi kuvuka Athi. Leo barabara ya Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui ni ya lami, safari ni fupi kuliko ya baba zetu, lakini bado twakwenda mwisho wa mwezi tu, au tusiende. Tunalea watoto kwa simu.

Na kwa simu tunasema nini? Twapiga jioni, twauliza, "Mmekula?" Kisha, "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto wa mtaala huu hana "wa ngapi". Ripoti yake inasema amezidi matarajio, au amefikia, au anakaribia, au yuko chini ya matarajio, somo kwa somo. Mtoto akianza kutueleza, twamkata: "Hayo ya matarajio sitaki, niambie namba." Hapo mazungumzo yamekwisha. Mtoto amejifunza kwamba baba anataka namba na susu anaogopa pesa, na yote mengine ni ya kubaki naye. Halafu akijaza fomu peke yake twashangaa.

Mwenzetu yule anasema kwamba katika mwaka mzima alizungumza na binti yake kwa simu kila juma, na neno "bweni" halikupita hata mara moja.

Liko pia lile kundi la WhatsApp la darasa, ambalo watu husema limemaliza tatizo. Tumelitazama. Mwalimu huandika tangazo, watu wanane huweka alama ya kidole gumba, mmoja huuza kuku, mwingine hutuma sala ya asubuhi. Ni ubao wa matangazo uliofungwa ndani ya simu. Na susu, ambaye ndiye hasa anayemlea mtoto, ana simu ya mulika mwizi isiyoingia kundi lolote. Kwa hiyo kundi lina baba aliye mbali na mtoto na halina nyanya aliye naye. Mwalimu mmoja tunayemjua hufanya namna nyingine: Ijumaa mchana huwapigia simu wazazi wanne au watano, dakika mbili kila mmoja, na wa kwanza hupigiwa kwa habari njema. Anasema mzazi aliyepigiwa kwa habari njema hupokea simu siku ya habari mbaya. Tunaona mwalimu huyo angefaa sana ofisi ya udhibiti wa treni.

Wako watakaosema kwamba wazazi wetu wa vijijini hawajui kusema katika mikutano. Huo ni uongo, na ushahidi uko hapa Makueni. Tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, chini ya gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, wananchi wa Makueni waliwekewa mabaraza kuanzia kijijini, kupanda mpaka wadi na kaunti, wakiulizwa wanataka nini kijengwe kwanza. Mradi ukianza, wananchi huchagua kamati yao ya kuusimamia, na kontrakta asubiri kamati hiyo iweke sahihi ndipo alipwe. Watu wametoka mbali kuja kujifunza jambo hilo. Tumeona mama asiyemaliza darasa la nne akisimama mbele ya injinia akimwambia saruji haitoshi, ukuta huu hautashika maji, na injinia akarudia kazi.

Mama huyohuyo akiingia siku ya wazazi hukaa benchi la nyuma na kutazama viatu vyake. Kwa nini? Sisi tunaona ni kwa sababu katika baraza aliulizwa kwanza, na aliulizwa kwa Kikamba. Kule shuleni hukuta meza ya juu imetandikwa kitambaa, ajenda imechapwa, wageni wa heshima watatu wa kuhutubu, na mwisho "maswali mawili tu, wakati umekwisha". Hata sisi wa chama tunaijua mikutano ya namna hiyo. Menejimenti ikituita ikatusomea karatasi ikaondoka, hatusemi tumeshauriwa, twasema tumetangaziwa. Wazee wetu wa Mombasa walipogoma Januari 1947, watu wa reli na wa bandarini pamoja, walikusanyika siku baada ya siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, wakasema na kusikilizana, ndipo wakubwa walipojua kwamba kuna jambo. Walikuwa wameshindwa kusikika kwa njia nyingine.

Na watoto nao wana namna yao ya kusikika wakikosa njia. Hatupendi kulitaja, lakini ni lazima. Usiku mmoja wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, kwa jirani zetu, wavulana 67 waliungua bwenini kwa moto uliowashwa na mkono wa mtu. Mwaka huohuo Serikali iliunda kamati chini ya Bibi Naomi Wangai kuchunguza ghasia katika shule za sekondari. Adhabu ya viboko ilifutwa mwaka huohuo wa 2001, na miaka iliyofuata yakaja mabaraza ya wanafunzi, na sheria ya 2013 ikampa mwakilishi wa wanafunzi kiti katika bodi. Lakini moto haukwisha. Hatusemi kwamba kila moto ni kosa la mwalimu asiyesikiliza. Ziko sababu nyingi na wako watoto wabaya. Twasema tu kwamba binti wa mwenzetu, aliyeogopa kwenda bweni, alikuwa na la kusema. Ilihitajika mama mmoja mwenye subira na kivuli cha mti, na dakika ishirini. Hazikupatikana mpaka watu wazima walipokwisha kugombana.

Mwisho wa habari yake mtataka kuujua. Fomu ilikuwa imekwisha kuingizwa kwenye kompyuta, na siku ile hakuna pale aliyejua kama yaweza kubadilishwa. Mwalimu akaahidi kuuliza ofisi ya elimu. Mwenzetu alimwomba radhi mwalimu mbele ya watoto walewale aliomtukania mbele yao. Jambo hilo lilimgharimu, na sisi tunaomjua tunajua kiasi gani. Kuanzia hapo hupiga simu shuleni kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na susu hutumiwa ujumbe wa Kikamba, mfupi, wa kumwita, na habari ya pesa huandikwa katika karatasi nyingine siku nyingine.

Sisi wa tawi hili tumeandika mapendekezo matatu ya kupeleka katika mkutano mkuu. Kwanza, chama kiombe menejimenti impe mfanyakazi mwenye mtoto shuleni siku moja ya kazi kila muhula, yenye malipo, ya kwenda kuonana na mwalimu, kwa kuonyesha barua ya shule. Menejimenti itasema mtu atakwenda kunywa pombe. Naam, wako watakaokwenda kunywa, kama walivyo watakaokunywa siku ya Krismasi, na Krismasi haijafutwa. Pili, chama kiwaandikie wakurugenzi wa elimu wa Kitui na Makueni, kuomba barua za shule kwa wazazi ziandikwe kwa Kiswahili au Kikamba, na ziwe na sehemu ya chini ya kukatwa, ambayo mzazi ataijibu na kuirudisha. Isiporudi, mwalimu ajue kwamba hajafikisha. Tatu, wanachama walio na watoto katika shule moja wajuane, ili anayekwenda likizo awakilishe na wenziwe watatu walio kazini, kama tunavyotumiana unga na sukari.

Pendekezo la pili lina wapinzani hata katika tawi letu. Mzee mmoja anasema ukimwandikia Mkamba kwa Kikamba atadhani umemwona mjinga. Tumemwambia alilete mkutanoni alisemee mwenyewe. Wanachama wote wanaotaka kusema juu ya jambo hili, kwa kuliunga mkono au kulipinga, wapeleke majina kwa karani wa tawi kabla ya tarehe 25, na wenye barua za shule ambazo hawakuzielewa wazilete. Tutazisoma pamoja Jumamosi baada ya kazi, pale stoo ya vyombo, na anayejua Kiingereza vizuri aje na kalamu.